Lefebvre, Fabre, Faure, Le Goff: mwongozo kamili wa kufuatilia asili na kuenea kwa jina la ukoo la Kifaransa lililotokana na kazi

Jina Lefebvre lina herufi isiyosikika. Wafaransa wengi hulitamka karibu na "lefevr", na ile b imekaa tu katikati. Waliiweka makarani wa zama za kati waliosoma Kilatini, ili kila anayeliona jina akumbuke kwamba limetokana na neno faber, yaani fundi, na hasa fundi wa chuma. Kwa hiyo Lefebvre ni "yule mhunzi", na b yake ni ushahidi walioturithisha makarani.

Mwongozo huu ni kwa yeyote mwenye jina la Kifaransa mkononi: la mkwe, la padre aliyesaini cheti cha ubatizo cha babu, au lake mwenyewe. Maswali huwa mawili. Jina lilitoka wapi? Limeenea wapi, na kwa wingi gani? Watu huyachanganya, na hapo ndipo makosa karibu yote yanapoanzia. Asili ni swali la lugha, kuenea ni swali la hesabu. Undugu ni swali la tatu, lenye njia yake, na ramani haiwezi kulijibu. Nitatumia majina ya wahunzi tangu mwanzo hadi mwisho, maana hakuna kazi iliyozaa majina mengi Ufaransa kwa sura nyingi kama hiyo.

Hatua ya 1: Livue jina nguo zake

Andika jina kwenye karatasi, kisha ondoa kilichobandikwa. Le iliyo mbele ni "yule" tu. Lefebvre, Lefèvre, Le Febvre na Febvre ni jina lilelile, likiwa na kilemba au kichwa wazi. Majina ya kazi yenye Le ni ya kaskazini na magharibi. Kusini hupenda kutembea bila hiyo. Bretagne ina Le nyingi pia, lakini huko makarani walikuwa wakigeuza ar ya Kibretoni kuwa Le ya Kifaransa na kuliacha neno lililofuata kama lilivyo. Ndivyo Le Goff lilivyopata kichwa cha Kifaransa na mwili wa Kibretoni.

Kisha tazama mwisho wa jina. Viambishi -ier na -eur mara nyingi huashiria mtenda kazi: Fournier aliangalia tanuri la mikate, Meunier alikuwa na kinu cha kusagia nafaka, Tessier alifuma vitambaa. Lakini usiamini mwisho peke yake. Gauthier na Olivier vinaishia -ier, na vyote ni majina ya watu kabla ya kuwa majina ya koo.

Jambo la tatu katika kuvua ndilo linalowaangusha wengi. Zamani u na v zilikuwa herufi moja yenye maumbo mawili, na karani alichagua umbo kwa kuangalia nafasi yake katika neno, si kwa sauti. Kwa hiyo "lefebure" kwenye hati ya kale ni Lefebvre. Baadaye walitokea watu walioisoma hiyo u kama u kwelikweli, na leo zipo koo halali zinazoitwa Lefébure: jina zima limezaliwa kwa kosa la kusoma. Vivyo hivyo Faure na Favre. Kwenye karatasi ya zamani huwezi kuyatenganisha kwa macho, ni lazima ujue hati imeandikwa mji gani. Mimi nilipoteza jioni nzima kwa ajili ya "Favre" mmoja ambaye mwishowe alikuwa Faure wa siku zote.

Hatua ya 2: Tafuta neno la kazi lililokufa

Ukimwuliza Mfaransa wa leo mhunzi anaitwaje, atakujibu forgeron. Ukienda kutafuta jina la ukoo Forgeron, utakuta wachache mno. Sababu ni kwamba majina ya koo yaliganda kabla neno forgeron halijashika. Mhunzi wa karne ya 12 na ya 13 aliitwa fèvre, na neno hilo limekufa katika mazungumzo, likabaki limejificha ndani ya orfèvre, yaani sonara: mfua dhahabu. Ndilo lile la Quai des Orfèvres, ukingo wa mto Seine mjini Paris ambao polisi wa upelelezi wameufanya maarufu kuliko masonara wenyewe.

Basi usitafute maana ya jina kwenye kamusi ya mfukoni. Tovuti ya CNRTL, kituo cha rasilimali za lugha cha Ufaransa, ni ya bure na inaonyesha historia ya kila neno na lilivyoandikwa zamani. Andika orfèvre hapo, shuka hadi sehemu ya etimolojia, utamwona faber akikungoja.

Kuwa mwangalifu na mambo mawili. Kwanza, faber ya Kilatini ilikuwa pana: fundi seremala naye aliitwa faber, ikaongezwa sifa ya kumtofautisha. Ni katika Kifaransa na Kioksitani, lugha ya kusini mwa Ufaransa, ndipo ilipojikita kwa mfua chuma. Pili, baadhi ya kazi zilipanda cheo. Maréchal lilianza kama neno la Kifranki, lugha ya kale ya jamii ya Kijerumani, la mtumishi wa farasi, likawa mpiga viatu vya farasi kwatoni, na kwa upande mwingine likapanda hadi kuwa cheo cha juu kabisa jeshini. Mwenye jina Maréchal au Marchal akikwambia babu yake alikuwa jemadari, mkaribishe kahawa, halafu umwulize kijiji chao kilikuwa na farasi wangapi.

Kwa nini mhunzi hasa? Majina ya koo yalianza kushika Ufaransa kuanzia karne ya 11 na ya 12, watu walipoongezeka na majina ya ubatizo yakabaki machache. Kijiji kikiwa na akina Jean kumi na wawili, lazima wapewe alama. "Mkulima" haiwezi kuwa alama mahali ambapo kila mtu analima. Mhunzi alikuwa mmoja kijijini, pengine mmoja kwa vijiji viwili, na kila mwenye jembe, mundu au farasi alipita mlangoni pake. Fuawe yake ilisikika kabla hujaiona nyumba. Kwa hiyo jina limekuwa la kawaida nchini kwa sababu kazi ilikuwa nadra kijijini: kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake mmoja, na vijiji vilikuwa maelfu.

Hapo hapo unapata jibu la swali la undugu. Akina Lefebvre si ukoo mmoja uliotawanyika. Ni maelfu ya viwanda vya kufulia chuma ambavyo havikujuana. Wanaouza mtandaoni "nembo ya ukoo wa Lefebvre" kwa bei ya sahani ya ukutani wanauza sahani.

Hatua ya 3: Liweke jina juu ya ramani ya lugha

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Ufaransa ya zama za kati haikuwa na lugha moja, na neno faber, kwa umbo lake la kitendwa fabrum, lilipita kwenye vinywa tofauti likatoka na sura tofauti. Kaskazini b ililainika ikawa v: fèvre, na kutoka hapo Lefèvre, na Lefebvre yenye b ya makarani. Franche-Comté, upande wa mashariki, wakasema Faivre. Savoie na maeneo ya Uswisi yanayopakana nayo wakasema Favre. Kusini, kwenye lugha ya Kioksitani, njia zilikuwa mbili: kwingine b ilibaki imara, tukapata Fabre, hasa Languedoc na Aveyron, kwingine iligeuka u, tukapata Faure, kuanzia Dordogne na Limousin hadi Dauphiné. Fauré yenye alama juu ya e ni ndugu yake wa kusini-magharibi.

Halafu kuna sehemu ambazo Kilatini hakikushika. Bretagne mhunzi ni gov, zamani gof, na ndiyo maana ya Le Goff. Le Goffic ni mhunzi mdogo. Alsace na Moselle, wanakozungumza lahaja za Kijerumani, ni Schmitt. Roussillon, wanakosema Kikatalani, ni Ferrer. Kwa Wabaski mhunzi ni arotz, lakini wao hurithi jina la nyumba kuliko la mtu, kwa hiyo utakutana na Arosteguy, yaani "mahali pa mhunzi".

Watu mashuhuri ni kipimo kizuri. Mtaalamu wa wadudu Jean-Henri Fabre alizaliwa Saint-Léons, Aveyron, mwaka 1823: palepale panapostahili. Mtunzi wa muziki Gabriel Fauré alizaliwa Pamiers, chini ya milima ya Pyrénées, mwaka 1845: sawa. Msomi Jacques Lefèvre alitoka Étaples, Pas-de-Calais, na alipoandika Kilatini alijiita Jacobus Faber Stapulensis. Pierre Favre, mmoja wa wenzake wa kwanza wa Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, alizaliwa Savoie mwaka 1506, na Wakatoliki wanamjua kama Petro Faber, mtakatifu tangu 2013. Mmoja wa kaskazini, mmoja wa milimani, na wote wawili wakiingia kwenye Kilatini wanatoka na jina moja. Walijua majina yao yanasema nini.

Wapo pia wanaovunja kanuni. Mwanafalsafa Henri Lefebvre alizaliwa Hagetmau, Landes, kusini-magharibi kabisa, mwaka 1901. Mwanahistoria Jacques Le Goff alizaliwa Toulon, kando ya Mediterania, mwaka 1924, ingawa upande wa baba yake ni Bretagne. Sura ya jina inakuambia lilitengenezwa wapi. Mwenye nalo anaweza kuzaliwa popote.

Zoezi hili linafaa kwa kazi nyingine pia. Carpentier yenye c ngumu ni ya Picardie, Charpentier ni yule yule seremala upande wa Paris. Mfumaji ni Texier magharibi na Teissier kusini.

Hatua ya 4: Hesabu za waliozaliwa

Sasa tunatoka kwenye lugha, tunaingia kwenye takwimu. INSEE, idara ya takwimu ya Ufaransa, iliwahi kutoa faili la majina ya koo ya watu waliozaliwa nchini humo kati ya 1891 na 1990, likiwa limegawanywa kwa vipindi vinne: 1891 hadi 1915, 1916 hadi 1940, 1941 hadi 1965, na 1966 hadi 1990. Tovuti ya Geopatronyme inakuchorea ramani yake kwa kila département, ambazo hapa nitaziita mikoa. Geneanet nayo ina ramani za majina zinazorudi nyuma zaidi, kwa kutegemea hati ambazo wanachama wake wameziorodhesha.

Anza na 1891 hadi 1915, hata kama mtu unayemfuatilia kazaliwa juzi. Katika vipindi vya baadaye Paris na miji mikubwa imeshanyonya watu wa kila upande, na ramani inakuwa kama chai iliyokorogwa. Katika kipindi cha kwanza majani bado yanaonekana. Lefebvre itakaa Nord, Pas-de-Calais, Somme na Normandie. Le Goff itang'ang'ania Finistère na Côtes-d'Armor. Favre itapanda milima ya Haute-Savoie.

Jambo ambalo tovuti hazikukumbushi: faili hilo limeandikwa kwa herufi kubwa bila alama za juu. FAURE ndani yake ni Faure na Fauré kwa pamoja, na LEFEVRE ni Lefèvre pamoja na Lefevre. Ukitaka kuwatenganisha, faili haliwezi kukusaidia. Itakubidi uende kwenye madaftari.

Kwa orodha ya taifa zima, Martin ndilo la kwanza, nalo ni jina la mtu, siyo kazi. Lefebvre limo katika ishirini za juu. Hata hivyo orodha hizo huhesabu tahajia. Lefebvre ina mstari wake, Lefèvre wake, Faure wake, Fabre wake, utadhani ni kazi tofauti. Swali lako likiwa "jina hili limeenea kiasi gani", soma mstari mmoja. Likiwa "mhunzi ameacha majina mangapi", jumlisha mistari yote, na utangaze wazi ni ipi uliyoijumlisha.

Hatua ya 5: Gawanya kabla ya kushangaa

Hatua hii ni fupi, lakini anayeiruka huharibu kazi yote. Mkoa wa Nord una watu wengi mno, kwa hiyo una wingi wa kila jina. Idadi tupu itakudanganya. Chukua waliozaliwa na jina hilo mkoani katika kipindi kimoja, gawanya kwa watoto wote waliozaliwa mkoani kipindi hicho, zidisha kwa 1,000. Tuseme mkoa mmoja una watoto 400 wenye jina hilo kati ya 40,000, na mwingine una 90 kati ya 3,000. Wa kwanza unaonekana mkubwa, lakini ni 10 kwa elfu tu. Wa pili ni 30 kwa elfu, na huko ndiko kwenye shina.

Hatua ya 6: Ingia kwenye madaftari

Ramani ikishakuelekeza mkoa, tafuta tovuti ya nyaraka za mkoa huo; huitwa Archives départementales, na karibu zote zimeweka picha za madaftari mtandaoni bila malipo. FamilySearch, tovuti ya bure ya nasaba, inasaidia pale zinapopungua. Ila daftari za vizazi na ndoa hufunguliwa kwa wote baada ya miaka 75, kwa hiyo kizazi cha karibu kitafute kwa wazee wa familia kwanza.

Usifungue daftari ukaanza kusoma ukurasa wa kwanza. Tafuta tables décennales, faharasa za kila miaka kumi zinazopanga majina kialfabeti. Hapo utaona katika dakika chache kama jina limo kijijini au la. Ukipata cheti cha kuzaliwa, soma pembezoni. Tangu 1897 ndoa huandikwa pembeni mwa cheti cha kuzaliwa, na mstari huo mdogo unaweza kukuhamisha mkoa mzima.

Ukirudi nyuma utafika kwenye ukuta wa kwanza: sheria ya 20 Septemba 1792 iliyowapa mameya daftari ambazo hapo kabla zilikuwa za maparokia. Karibu na hapo tarehe zinageuka kalenda ya Mapinduzi, yenye miezi kama Fructidor na Brumaire, iliyotumika hadi mwisho wa 1805. Tumia jedwali la kubadilishia, usikisie. Sheria ya 6 Fructidor mwaka wa II, yaani 23 Agosti 1794, ilimkataza raia kutumia jina lisilo la cheti chake cha kuzaliwa. Kabla ya siku hiyo, baba kuwa Lefèvre na mwana Lefebvre ni jambo la kawaida kabisa. Nyuma zaidi ni daftari za ubatizo, zilizoamriwa na mfalme huko Villers-Cotterêts mwaka 1539, na za ndoa na maziko zilizoongezwa na amri ya Blois mwaka 1579. Vijiji vingi havina kitu cha kale hivyo. Ukifika 1670 umejitahidi.

Ukiwa humo ndani, tumia kipimo hiki kila mara: tazama kazi iliyoandikwa baada ya jina. "Jean Lefèvre, mfumaji" anakuambia kwamba jina limeshakuwa urithi, na uhunzi uliishia kwa mtu wa zamani zaidi. Karibu wote utakaowakuta kwenye daftari za parokia watakuwa hivyo. Ukitaka kuona kazi na jina zikiwa bado kitu kimoja, ni orodha za kodi za zama za kati, kama ile ya Paris ya 1292, yenye maelfu ya walipakodi wengi wao wakiitwa kwa kazi zao.

Hatua ya 7: Fuata jina likivuka bahari

Kanada ya Kifaransa ina akina Lefebvre wengi, na huko kuna neno dogo unalopaswa kulizoea: dit, yaani "aitwaye". Walowezi walibeba majina mawili, na watoto wakachagua. Kuna ukoo wa Québec wa Lefebvre dit Boulanger, "Mhunzi aitwaye Mwokamikate", kwa hiyo Boulanger wa huko huenda ni Lefebvre aliyebadili kiti. Waliohamia Marekani wakaandikwa Lafave na LeFever. Wengine waliitwa Bean, yaani haragwe, kwa sababu masikioni fèvre inafanana na fève, neno la Kifaransa la haragwe. Waprotestanti walioikimbia Ufaransa walilipeleka jina mbali pia: LeFevre wamo miongoni mwa waanzilishi wa mji wa New Paltz, New York, katika karne ya 17.

Anayesoma kutoka pwani yetu atakuwa ameshamkumbuka mhunzi mwingine. Haddad ya Kiarabu ina maana hiyo hiyo, na Ratibu ya al-Haddad, mkusanyo wa dhikri na dua unaosomwa Lamu, Mombasa na Unguja, imebeba jina la Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, Hadhramaut, aliyefariki 1720, mwanachuoni aliyejulikana kwa elimu na dua. Kipimo cha Jean Lefèvre mfumaji kinafanya kazi Hadhramaut kama kinavyofanya Picardie.

Mahali ambapo hatua zote sita zilizotangulia zinaweza kukupotosha ni Réunion, kisiwa cha Kifaransa katika Bahari ya Hindi. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka, na watu wa pwani ya Afrika Mashariki wakapelekwa kwenye visiwa vya Kifaransa vya Bahari ya Hindi. Utumwa ulipokomeshwa Réunion tarehe 20 Desemba 1848, zaidi ya watu 60,000 waliachwa huru, na kila mmoja alipaswa kuandikishwa na jina la ukoo. Makarani waliyagawa kwa haraka. Kwa hiyo jina la Kifaransa la kazi, likikutwa kisiwani humo, linaweza kuwa halina uhusiano wowote na kijiji cha Ufaransa wala na kazi yenyewe; asili yake ni meza ya karani na siku iliyoandikwa juu ya ukurasa.

Huko anza mwisho uende mwanzo: tovuti ya ANOM, hifadhi ya nyaraka za makoloni iliyoko Aix-en-Provence, ina daftari za Réunion za kutazamwa bure. Rudi kizazi baada ya kizazi hadi ufikie ukurasa wa 1848 ambapo mtu anapewa jina kwa mara ya kwanza. Kisha liache jina hilo, ufuate jina lake la pekee, umri na mwenye shamba alikotokea, kwenye nyaraka za watumwa za kabla ya hapo. Neno la kutafuta kwenye karatasi hizo ni Cafre. Ndilo makarani wa kisiwa walilowaandikia watu waliotolewa bara la Afrika, wa Kilwa wakiwamo.